Ribaundi ya kumi na mbili waliyoninyang'anya nikiwa usingizini

Mimi si mgeni wa kubeti. Mikeka yangu imechanika kuanzia Dar mpaka hapa Houston, na sijawahi kumwandikia mtu malalamiko. Kuliwa ni kuliwa. Lakini hawa wa soko la utabiri, jamani, hapana.

Kwa asiyewajua: hapa hushindani na kampuni. Unanunua hisa ya Ndiyo au Hapana, na upande wa pili yupo mtu anayeamini kinyume chako. Bei huanzia senti 1 hadi 99. Ukipatia, kila hisa inalipwa dola moja, ukikosea huna kitu. Mimi napenda takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, maana timu nzima inaweza kukuangusha, ila senta wa futi saba ribaundi zake, yaani mipira iliyorushwa ikakosa goli, atazidaka tu. (Na tangu Hashim Thabeet achaguliwe wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, Watanzania tunajiona tuna hisa kwenye ligi ile hata bila kununua.)

Usiku mmoja wa baridi nikachukua Ndiyo 200 kwa senti 41, kwamba senta fulani atafikisha ribaundi 12. Dola 82, hela ya chakula cha wiki mbili. Robo ya nne inakaribia kuisha, ana kumi na moja. Mpira ukagonga chuma, ikapanda mikono ya watu wawili wa jezi moja, ukashuka, na kwenye simu ikasomeka 12. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Bei ikaruka hadi senti 98.

Shemeji yangu, Mkongomani, akasema, "Shemeji, uza sasa. Chukua hizo 196." Nikamcheka. Niache dola nne mezani kwa nini? Nikaenda kulala.

Asubuhi: Hapana. Ligi ilirudia video, ribaundi akapewa mwenzake. Shemeji hakusema neno, alinitikisia kidole tu kama Dikembe Mutombo, yule senta Mkongomani wa NBA, baada ya kuzuia mpira wa mtu.

Sasa, ligi kusahihisha takwimu si jambo geni, hilo nalimeza. Kilichonipandisha presha ni huduma kwa wateja. Nikawaandikia kwa adabu zote, na salamu juu. Jibu: soko limeamuliwa kwa mujibu wa kanuni. Kanuni ipi? Akaja mwingine mwenye jina jingine, jibu lile lile hadi nukta. Wa tatu akaniuliza kama tatizo langu limetatuliwa, na kabla sijaandika herufi moja akafunga mazungumzo. Nikaletewa nyota tano nichague ngapi za kumpa!

Nikampa moja. Kisha nikazisoma kanuni zenyewe, na kweli imo, chini kabisa: takwimu zikisahihishwa kabla ya malipo, yanahesabiwa masahihisho. Basi wana haki. Na kusema ukweli, kampuni ya kawaida ya kubeti huenda isingenipa nafasi ya kuuza kwa bei nzuri hivyo. Hapa nilipewa, nikaringa. Labda nyota tatu.

Lakini hapana. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto kwa kujitoa mchezoni mapema ili walioweka pesa kwamba takwimu zake zitakuwa chini washinde. Walioumizwa naye angalau wana mtu wa kumlaani. Mimi nimlaani nani? Karani aliyerudisha mkanda nyuma usiku wa manane? Yule wa tatu aliyenifungia mlango? Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hawaruhusu.

Nimeshatoa dola 31 zilizokuwa zimebaki. Nilikuwa naifuta programu nikaona wamefungua soko la senta yule yule kwa mechi ya kesho, ribaundi 12, Ndiyo senti 36. Senti 36! Anacheza na timu ambayo senta wao ni majeruhi. Shemeji asijue.