Kutoka na watoto mashambani Uingereza: kadi ipi ununue kwanza

Kila likizo ya shule inapokaribia, simu yangu haitulii. Ni wenzetu waliofika Leicester juzijuzi, na wengine wameshakaa hapa miaka kumi: "Dada, watoto wamebanana ndani kutwa, tuwapeleke wapi? Na hii kadi ya mwaka, inalipa kweli?" Kadi yenyewe mara nyingi ni ya uanachama: unalipa mara moja, unaingia sehemu za shirika hilo mwaka mzima. Nimewajibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp. Leo nayaweka yote mahali pamoja, kuanzia kile ambacho ningekushauri ununue kwanza mpaka kile ambacho ningekusihi ukiache.

Nina watoto wanne. Mkubwa ana miaka kumi na tatu, wa mwisho ana minne. Nilichojifunza kwa kuingia na kutoka kwenye uanachama mbalimbali ni kwamba jina kubwa la mahali halikusaidii kitu kama hapafikiki Jumamosi ile ambayo watoto wameamka saa tatu na mvua imetangazwa kuanzia saa nane mchana. Fungua ramani, chora duara la nusu saa kwa gari kutoka mlangoni kwako, kisha hesabu kila kadi ina sehemu ngapi ndani ya duara hilo. Zikiwa tatu au zaidi, hiyo kadi ifikirie. Ikiwa ni moja tu, achana nayo, hata kama jirani anaisifu kila siku.

Hesabu ya pili ni ya pesa. Chukua bei ya kadi ya mwaka, igawe kwa bei ya tiketi za siku moja za familia yako nzima kwenye ile sehemu unayodhani mtaizoea. Mara nyingi jibu linakuwa tatu au nne. Safari zinazobaki baada ya hapo ndizo faida yako. Kama unajijua kwamba mwaka mzima hutoki zaidi ya mara mbili, kata tiketi ya siku hiyo hiyo ulale usingizi.

Kabla hujalipa chochote

Anza na vya bure, maana vipo na ni vizuri mno. Sisi tuna Bradgate Park, kijijini Newtown Linford, kama dakika ishirini kutoka mjini. Kuingia ni bure. Unalipia maegesho tu. Kulungu wanatembea huru kati ya mawe na mialoni ya kale, na katikati kuna magofu ya nyumba aliyokulia Lady Jane Grey, yule binti aliyekaa kwenye kiti cha ufalme siku tisa mwaka 1553. Tandika mkeka, toa chapati na chupa ya chai ya tangawizi, watoto wakimbie. Usiwaache wawasogelee kulungu mwezi Oktoba. Ni msimu wa madume kupigania majike, na wana pembe.

Nchi hii ina pia njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, na sheria inakuruhusu kuzipita bila kumwomba mtu ruhusa. Wenzetu wengi hawaamini. Wanaona ng'ombe, wanaona geti, wanarudi. Nunua ramani ya Ordnance Survey, wachoraji wa ramani wa taifa, ile ya Explorer yenye jalada la rangi ya machungwa, kipimo cha 1:25,000. Vistari vya kijani ndizo njia za umma. Geti ulikute limefungwa, ulifunge. Ulikute wazi, uliache wazi. Ng'ombe wenye ndama uwazunguke kwa mbali. Ramani moja inagharimu kidogo kuliko chakula cha familia kwenye mgahawa wa jumba lolote la kifahari, nayo utaitumia miaka.

Weka kwenye kalenda pia Open Farm Sunday, mwezi Juni, ambapo wakulima hufungua mashamba yao kwa watu wote, na Heritage Open Days za Septemba, ambapo majengo mengi ya kihistoria huingiwa bure.

Ya kwanza: National Trust

Ukiwa na gari, na watoto wako ni wadogo wanaotaka nafasi ya kukimbia kuliko maelezo, hii ndiyo kadi ningekununulia. Shirika hili la hisani la kuhifadhi majumba na mandhari lilianzishwa mwaka 1895 na lina zaidi ya majumba na bustani 500 Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini, bila kuhesabu fukwe na misitu. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Maegesho yao mengi ni bure kwa mwanachama, na huu ndio utamu wenyewe: unaweza kwenda kwa saa moja na nusu tu, ukamaliza, ukarudi nyumbani kupika, bila kuona umetupa pesa. Malipo unaweza kuyagawa kila mwezi kupitia benki.

Kwetu mahali penyewe ni Calke Abbey, Derbyshire. Nyumba ilipokabidhiwa kwa shirika mwaka 1985 waliamua kuihifadhi kama walivyoikuta, bila kuipaka rangi wala kuipamba. Karatasi za ukutani zimebanduka, vyumba vimejaa vichwa vya kulungu na ndege waliokaushwa kwenye makabati ya vioo, vitanda vimerundikiwa vitu. Binti yangu wa pili alisimama katikati ya chumba kimoja, akatazama pande zote, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu: "Mama, hawa walikuwa hawafagii?" Tangu siku hiyo ndiyo nyumba ya kitajiri anayoipenda kuliko zote, kwa sababu ameona kwamba matajiri nao walishindwa kutunza vitu.

Jambo moja ninawaomba wazazi msilipite kimya. Mwaka 2020 National Trust ilitoa ripoti ikitaja sehemu zake 93 zenye uhusiano na ukoloni na biashara ya utumwa. Mtoto akiuliza "hela za kujenga hii zilitoka wapi?", mjibu. Tumetoka kwenye pwani inayojua habari hizo. Hatuna sababu ya kuwanyima watoto wetu ukweli ndani ya bustani nzuri.

Upungufu upo. Majumba mengi hufungwa siku fulani za wiki, hasa baridi, zikabaki bustani tu. Angalia kwanza kabla ya kuwasha gari. Kigari cha mtoto mara nyingi hakiruhusiwi ndani ya nyumba, kwa hiyo beba kanga au mbeleko. Na bila gari, sehemu nyingi zinakuwa mateso kuzifikia.

Ya pili: English Heritage

Kwa familia zetu zenye watoto wengi, na hasa kama wamefika umri wa kwenda shule, kuna siku naiweka hii juu. Mwanachama mtu mzima mmoja anaingia na watoto hadi sita wa familia, wote chini ya miaka 18. Shangazi anayekuja na watoto wa kaka yake anaelewa maana ya hiyo sita. Mama anayelea peke yake ananunua kadi ya mtu mmoja, imetosha.

Hili ni shirika linalotunza majengo ya kale, na hapa unalipia kuingia ngome na magofu: Stonehenge, lile duara la mawe ya kale, ngome ya Dover, ukuta wa Hadrian wa enzi za Warumi kule kaskazini. Sehemu ni zaidi ya 400. Sisi kwa ukaribu tuna Kenilworth, ambako Malkia Elizabeth wa Kwanza alikaa siku 19 mwaka 1575 akikirimiwa na mwenye ngome, Robert Dudley. Lakini watoto wangu ukiwaambia wachague, watachagua Ashby de la Zouch, ngome ndogo ambayo hata wenyeji wengi hawaijui. Ina njia ya chini ya ardhi kutoka jikoni mpaka kwenye mnara. Unashuka ngazi, baridi inakupiga usoni, dari iko chini na mawe yana unyevu. Mwanangu hutangulia na tochi ya simu, mkono wa pili umeshika ukuta, wadogo wamemshika shati, na hakuna anayesema neno mpaka waone mwanga upande wa pili. Hapo ndipo kelele zinaanza, na ombi la kurudia. Mnara wenyewe una urefu wa mita 24. Upande mmoja ulibomolewa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, ukipanda unaona kila chumba kilivyopasuliwa.

Tahadhari: ngazi ni nyembamba na za mzunguko, mtoto anayejifunza kutembea atakuchosha. Wakati wa baridi sehemu nyingi hufunguliwa mwisho wa wiki tu. Vilevile, ikiwa kinachokuvuta ni Stonehenge peke yake, fahamu kwamba mwenye kadi ya National Trust ya Uingereza anaingia hapo bure, kwa hiyo huna haja ya kadi mbili. Na kule Avebury, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo, kuna duara kubwa zaidi la mawe, watoto wanayagusa na kuyakumbatia, na kuyaendea ni bure.

Ya tatu: kadi ya treni

Huna gari? Basi Family & Friends Railcard kwako inazipita hizo mbili zote. Inapunguza theluthi ya nauli ya wakubwa na asilimia 60 ya nauli ya watoto wa miaka 5 hadi 15, mpaka watu wazima wanne na watoto wanne kwa safari moja. Walio chini ya miaka mitano hawalipi nauli. Angalia tu vizuizi vya asubuhi siku za kazi, hasa London na kusini mashariki. Chagua sehemu zenye kituo karibu: bonde la Hope kwenye hifadhi ya Peak District lina stesheni ambazo ukishuka tu, njia ya mlimani inaanzia pale pale. Kuingia hifadhini ni bure.

Ya nne: bustani za wanyama

Pasi ya mwaka ya zuu inafaa kwa kipindi kifupi cha maisha, mtoto akiwa na miaka miwili mpaka sita, na zuu ikiwa jirani. Hapo mtoto anataka kumwona mnyama yule yule kila wiki. Karibu nasi kuna Twycross, wanakofuga bonobo, sokwe ambaye porini anapatikana Kongo peke yake. Rafiki yangu wa Kisangani huwapeleka wanawe kumsalimia, anavyosema mwenyewe, mwananchi mwenzao. Kusini kuna Whipsnade, iliyofunguliwa mwaka 1931, kubwa kiasi kwamba miguu ya mtoto haiwezi kuimaliza kwa siku moja. Anayepokea Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aulize mapema kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya zuu zina tiketi za bei ya chini sana kwa ajili yake.

Ya mwisho: viwanja vikubwa vya michezo

Pasi za viwanja vya bembea kubwa na treni za kuzunguka hewani naziweka mwisho. Foleni ni ndefu, vimo vya watoto vinapimwa mlangoni na mdogo anarudishwa akilia, na chakula cha ndani ni ghali. Mwaka mmoja nilikata tiketi za tarehe maalumu kwa kiwanja kimoja, asubuhi yake mtoto akaamka na homa kali. Sikurudishiwa hata senti. Nilipofuatilia nikaelewa: ukinunua uanachama mtandaoni sheria inakupa siku 14 za kubadili nia, lakini tiketi ya burudani yenye tarehe haimo katika haki hiyo. Soma masharti ya kuhamisha tarehe kabla ya kubonyeza.

Unapolipia

Dirishani utaulizwa kuhusu Gift Aid. Maana yake ni kwamba shirika linaiomba serikali iliongezee senti 25 kwa kila pauni uliyotoa, kutokana na kodi uliyolipa. Ikiwa hulipi kodi ya mapato, sema hapana, bila aibu. Na bei mbili zikiwa zimebandikwa, ile ya juu yenye Gift Aid ina mchango wa hiari ndani yake. Una haki ya kulipa ile ya chini. Kama hujaamua kuhusu kadi, kata tiketi kwanza, zunguka, kisha ukitoka uwaulize: National Trust na English Heritage hukukatia fedha ya tiketi kwenye uanachama ukijiunga siku hiyo hiyo. Mwenye mtoto au mzazi mlemavu aulize pia kuhusu msaidizi, kwani msaidizi huingia bure.

Tiketi moja isiyo na kadi

Kuna mahali hakuna kadi kati ya hizi inayofanya kazi, na bado nakuomba ulipe uende: Newstead Abbey, Nottinghamshire, mali ya Halmashauri ya Jiji la Nottingham tangu mwaka 1931. Waingereza huenda kwa sababu ya mshairi Byron. Mimi naenda kwa sababu ya Susi na Chuma. David Livingstone, yule mmisionari Mskoti aliyezunguka Afrika, aliwahi kukaa nyumba hii miezi kadhaa akiandika. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, ndio walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Mwaka 1874 wote wawili waliletwa Uingereza, wakafika Newstead, na ipo picha waliyopigwa hapo hapo. Watu waliozungumza Kiswahili wamekanyaga nyasi hizo miaka 150 iliyopita.

Niliwaonyesha watoto picha hiyo kwenye simu tukiwa tumesimama mbele ya ukuta wa zamani wa kanisa. Mkubwa akaichukua simu, akarudi nyuma hatua kumi, akaanza kuangalia picha na nyumba, picha na nyumba, akitafuta ni wapi hasa walisimama. Nendeni kiangazi, mchana ukiwa mrefu. Tausi wa bustanini huwa wanatembea, na nyumba yenyewe haifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kwanza.