Springi za nyuma za Altezza: rangi si hoja, tazama mkia

Nilikuwa natoka Paje, huku kwetu Unguja, usiku. Nimevuka tuta la mwisho pale msitu wa Jozani, katika yale yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, nikasikia "tak!" nyuma kushoto. Nikadhani jiwe. Asubuhi naikuta Toyota Altezza yangu imeinama kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Springi mpya, miezi kumi haijatimiza, imekatika mzunguko wa mwisho wa chini. Na juu inang'ara nyekundu vilevile kama siku niliyoinunua.

Basi, habari za sentimita ngapi gari ishuke na springi gani inapendeza kwenye picha mutazipata pengine. Mie nataka kusema juu ya mkia, yaani ile ncha ya chini ya springi.

Kwenye Altezza springi ya nyuma inakaa juu ya sahani iliyochomelewa kwenye shokapu, na sahani ile ni bakuli khasa. Maji ya mvua, mchanga wa pwani, lile vumbi jeupe la njia zetu, vyote vinatua humo na kuchanganyika na chumvi ya hewa yetu. Kila tuta, mkia unasugua ule uji. Rangi inalika, kutu inachimba kijishimo, na ufa unaanzia hapo. Hesabu yenyewe haina huruma: ugumu wa springi hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 12 ukiliwa wote ukabaki 11, ugumu umepungua karibu asilimia 30, na huku chuma kilichobaki kinabeba mzigo uleule.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza bei, pitisha kidole kwenye ncha palipokatwa chuma. Kiwanda kinachojiheshimu huilainisha ncha, hutanguliza fosfeti, dawa ya kuzuia kutu, kisha huoka epoksi, rangi ya unga, mpaka ncha yenyewe ifunikwe. Springi iliyopuliziwa rangi juujuu utaikuta ncha iko tupu na ina makali, na makali hayo yanautafuna mpira wa chini, ule springi inaoukalia. Mpira nao nunua mpya. Fundi wangu wa mwanzo aliurudisha wa zamani, umechanika, ati "huu bado wamo".

Namba moja kwangu ni KYB ya Japani, Kayaba ya zamani, na nakiri nina upendeleo; gari zangu zote zimevaa shokapu zao. Springi zao za K-Flex ni za kimo cha kiwandani, hazishushi gari, na vijana watazidharau. Lakini jozi niliyonayo sasa imepita masika mawili. Nimefungua, nimefuta uji kwa kitambaa, ncha haina doa. Dukani taja namba ya chasi, SXE10 au GXE10, usiseme Altezza tu. Na ukitafuta springi za Ulaya, kama Lesjöfors ya Sweden, uliza kwa jina la Lexus IS200, maana huko gari hii iliuzwa hivyo.

Ya pili ni Eibach ya Ujerumani, Pro-Kit. Chuma kizuri, gari inashika kona. Nimeishusha daraja kwa sababu mizunguko yake ya upande mmoja imebanana, gari ikilemewa inagusana, na mchanga ukiingia katikati unasaga rangi kama jiwe la kusagia. Ukiwa nayo, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka pwani.

TEIN ya Japani, zile za kijani, nazipa ya tatu. Chukua aina ya H.Tech; ile ya S.Tech inashuka mno kwa matuta yetu.

Mtumba wa Japani? Nyingine zimetoka kwenye gari za mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Zisizo na jina, hapana. Na anayekata springi kwa grainda ili gari ishuke, ncha anayoiacha haina rangi hata chembe.

Bei sasa. Boksi lilelile nililoambiwa bei mjini, Gerezani ya Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari, nilitajiwa karibu nusu. Nikiuliza, naambiwa meli, ushuru, dola. Boti gani hiyo inayokula nusu ya springi? Na wauzaji wengine wanakupa moja, "ya pili bado nzima, bi dada". Springi zinabadilishwa jozi! Moja mpya na moja iliyochoka, gari inakwenda upande kama kaa.

Yule aliyeniuzia ile nyekundu nilimrudia na kipande mkononi. Akakigeuza, akakitazama, akasema imekatika kwa sababu nakwenda mbio. Nikamuonesha kutu. Akanambia sasa wameleta za buluu.