Jaketi okozi la mtoto: kabla ya rangi na bei, tafuta mkanda wa mapajani

Likizo ya Desemba ikikaribia, malalamiko ya wazazi huwa yale yale. Jaketi jipya, mtoto kaingia bwawani, likampanda mpaka masikioni. Kwa mwingine jaketi limebaki linaelea na mtoto katokea chini, kama anayevuliwa fulana. Wengi huamua kwamba wameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Ni jaketi zima kabisa, ila halina mkanda unaopita katikati ya miguu, au unao na haukufungwa. Mkanda huo ndio nitakaoung'ang'ania hapa, kwa sababu wauzaji hawautaji na wanunuzi hawauulizi.

Picha za katuni utazimaliza na mtoto mwenyewe. Kuhusu rangi nina sentensi moja tu: usichukue samawati wala nyeupe, bwawa lina rangi hizo hizo, na mtoto akizama kidogo macho yanampoteza.

Linapanda kwa nini

Sponji ya ndani ya jaketi inataka kwenda juu, mwili wa mtoto unataka kwenda chini. Mtu mzima ana mabega mapana na nyonga, jaketi likipanda linakwama mahali. Mtoto wa miaka mitatu au minne yuko kama mchi: kifua, tumbo na nyonga upana mmoja, mabega membamba. Hakuna pa kulizuia. Linapanda mpaka kola inafika masikioni na mdomo unafichwa nyuma ya ubao wa mbele. Aliyekaa kwenye kiti pembeni anaona jaketi limesimama wima juu ya maji na anaridhika. Mtoto naye akiogopa hufanya kile ambacho kila mtoto hufanya, anainua mikono. Mikono ikishakwenda juu, njia ya jaketi kutoka iko wazi.

Kwenye viwanja vya michezo ya maji hali ni mbaya zaidi kuliko bwawa la kawaida la hoteli. Bwawa la mawimbi humwinua mtoto na kumwachia, tena na tena, na kila akiachiwa jaketi hupanda kidogo. Pale mtelezo unapomwagia, maji yamejaa mapovu, na maji ya mapovu yanabeba kidogo kuliko yaliyotulia. Halafu kuna kosa la wanaokwenda uwanja wa michezo ya maji wa Kunduchi, Dar es Salaam, na kupitia ufukweni kwanza: wanalijaribu jaketi baharini, wanaliona linabeba vizuri, wanahamia bwawani kwa uhakika. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa karibu asilimia 2.5. Lijaribu kwenye maji yale yale atakayochezea.

Mkanda wenyewe uweje

Uwe mkanda wa kufumwa, kama ule wa begi la mgongoni, upana wa sentimita 2.5 au zaidi. Ukiwa mwembamba kama kamba ya kiatu utamkata mapajani, ataulilia, na utaufungua mwenyewe kabla ya saa sita. Lastiki haifai hata kidogo: kazi ya mkanda ni kuzuia, na lastiki kazi yake ni kuachia. Geuza jaketi uangalie mkanda umeshonwa wapi. Mshono mzuri ni wa mraba wenye msalaba ndani yake. Mstari mmoja wa cherehani utafumuka, na utafumuka siku mtoto atakaponing'inia.

Kisha kile kiplastiki cha kufupishia. Hapa ndipo majaketi mengi ya bei ya kati yanapoanguka, na dukani huwezi kuliona hilo kwa sababu mkanda ni mkavu. Ukilifikisha nyumbani, kabla ya kukata lebo, chovya mkanda peke yake kwenye maji dakika kumi. Urekebishe, weka alama ya kalamu pale unapoingia kwenye kiplastiki, halafu uvute kwa nguvu mara kumi. Alama ikihama kwa zaidi ya upana wa kidole, mkanda unateleza ukilowa. Nailoni nayo hurefuka kidogo ikinywa maji, kwa hiyo hata ulio mzuri unahitaji kukazwa tena baada ya dakika kumi za kwanza bwawani.

Uzito, si umri

Jaketi okozi hupimwa kwa kilo. Mpime mtoto kliniki au kwenye mzani wa duka la dawa, uende dukani na namba mkononi. Majaketi ya Marekani yana madaraja matatu ya watoto: chini ya ratili 30, yaani kilo 14 hivi, ratili 30 hadi 50, kilo 14 hadi 23, na 50 hadi 90, kilo 23 hadi 41. Kumnunulia kubwa ili alikulie, kama tunavyofanya kwa sare za shule, ni kulinunua lile lile litakalompanda.

Kwenye lebo za Ulaya tafuta ISO 12402, kiwango cha majaketi okozi. Daraja la 50 ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Daraja la 100 lina kola na limetengenezwa kusaidia kumgeuza chali mtu aliyelala kifudifudi. Hizo namba ni niutoni za saizi ya mtu mzima, 50 ikiwa sawa na kubeba kilo 5 hivi; saizi za watoto zina nguvu pungufu. Ukikuta EN 13138 basi hicho ni kifaa cha kujifunzia kuogelea, mtu mzima akiwa ndani ya maji, umbali wa mkono. Hata hilo la 100 halikupi ruhusa ya kwenda kufuata chipsi.

Chaguo la kwanza: Stearns la mtoto, la sponji, lenye mkanda

Sifichi, hili nalipendelea. Jaketi la kawaida la watoto la Stearns, chapa ya Marekani, la ratili 30 hadi 50, lina mkanda wa mapajani unaofungwa kwa klipu, na limeidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani. La wachanga, chini ya ratili 30, lina pia mto wa kichwa na kishikio cha kumnyanyulia. Halina urembo. Linamfanya mtoto aonekane kama mfuko wa saruji wenye miguu, na baadhi ya watoto watalikataa kwa sababu hiyo. Mpe wiki moja ya kulivaa sebuleni.

Shida ni kulifikisha kwetu. Mawakala wa mizigo kutoka nje hutoza kwa nafasi, na jaketi ni jepesi ila linajaza boksi, hivyo nauli inaweza kukaribia bei ya jaketi lenyewe. Afadhali shangazi au mjomba anayekuja likizo alitie kwenye sanduku, na nafasi ya katikati aijaze nguo. Asilibane kwenye ile mifuko ya kunyonya hewa: sponji iliyokaa imebanwa hairudi yote.

La pili: jaketi lolote la sponji lililo sawa, pamoja na mkanda wa kuongezea

Kama tayari una jaketi lenye lebo ya kilo na sponji nzima, usilitupe. Maduka ya vifaa vya mashua huuza mikanda ya mapajani ya kuongezea. Upande mmoja unapitishwa kwenye mkanda wa kiuno nyuma, upande wa pili unaletwa mbele na kufungwa kwa klipu. Hauhitaji kushonwa. Fundi cherehani akikuambia ataushona moja kwa moja kwenye ubao wa jaketi, mkatalie: sindano inatoboa kitambaa na sponji, na idhini ya jaketi inakuwa haina maana. Kabla ya kununua, hakikisha jaketi lina mkanda wa kiuno unaozunguka mwili mzima. Yale yenye zipu tu mbele hayana pa kuushikiza.

La tatu: Puddle Jumper

Nalo ni la Stearns, na ndilo linalopendwa zaidi na watoto: ubao wa kifuani na vipande viwili vya mikononi, klipu nyuma ambako mtoto hafiki. Ni la mtoto wa kilo 14 hadi 23. Mkanda wa mapajani halina, ila vile vya mikononi vinakwama kwapani, kwa hiyo halipandi kirahisi kama fulana. Ndiyo maana liko la tatu na si la tano. Walimu wa kuogelea hawalipendi kwa sababu linamzoesha mtoto kusimama wima majini badala ya kulala. Kwa siku moja ya mapumziko, sawa. Kwa kila wikendi, hapana.

La nne: fulana ya sponji yenye zipu

Inakaa vizuri mwilini, na mtoto aliyeanza kuogelea anasogea nayo kwa uhuru. Ila nyingi ni za kujifunzia tu. Angalia zipu: mitelezo mingi hukataa nguo yenye chuma chochote, iwe zipu, vifungo au nati, kwa sababu chuma hukwaruza mtelezo na watu. Zipu iwe ya plastiki.

Maboya ya mikono na matairi ya kupuliza

Intex na Bestway ziko kila kona ya Kariakoo na ni rahisi. Ni vitu vya kuchezea, na vyenyewe vimeandikwa hivyo. Boya la mkono lililopakwa mafuta ya jua hutoka kama bangili. Tairi likipinduka, miguu inabaki juu. Tumemaliza.

Siku yenyewe

Piga simu uwanjani siku moja kabla, iwe ni Wet 'n' Wild ya Kunduchi, Wild Waters ya Nyali, Mombasa, au kule Dubai kama mnakwenda mbali. Maswali ni matatu: jaketi letu linaruhusiwa? Kwenye mitelezo ipi hairuhusiwi kuvaa jaketi? Mstari wa urefu ni sentimita ngapi? Viwanja vingi huweka mstari kwenye 120 au 122 kwa mitelezo mikubwa, na ni bora mtoto alie nyumbani kuliko juu ya ngazi.

Yale ya kukodi getini yakague kama ya kununua. Mkanda wa mapajani ndio huwa wa kwanza kukatika, na mara nyingi utakuta kipande cha vidole viwili kinaning'inia pale ulipokuwa umeshonwa.

Ndani ya jaketi avae taiti fupi inayobana au nguo ya kuogelea yenye miguu, mkanda usimchubue. Binti anayevaa nguo ndefu, mkanda upite juu ya taiti na chini ya nguo ya juu iliyo fupi. Gauni au dera havikubaliani na mkanda, pamba ikilowa inavuta chini, na pindo linajikunja kwenye klipu.

Kufunga: klipu za kifuani na kiunoni kwanza, kaza, ndipo mkanda wa mapajani. Mtoto akiwa amesimama, vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili. Mwambie achuchumae. Akishindwa, umekaza mno. Kisha shika jaketi mabegani umnyanyue mpaka visigino viache sakafu. Kidevu kikizama ndani ya kola, bado. Halafu aingie maji ya kifuani pamoja nawe, alale chali, na dakika kumi baadaye umkaze tena.

Mkanda huponzwa na choo. Asubuhi kila kitu kimefungwa sawasawa. Saa saba mtoto kanywa soda mbili, anakimbizwa msalani, klipu ya chini inafunguliwa, anatoka mbio kurudi majini na mkanda unaning'inia nyuma kama mkia. Klipu za juu zimefungwa, kwa hiyo ukimtazama mbele uko radhi. Ampeleke dada, bibi au yeyote atakayemsindikiza, lakini mkubaliane kwamba mtoto harudi majini mpaka ageuke na kuonyesha mgongo.

Kuhusu wauzaji

Kuna wanaouza kwa umri: "hili la miaka minne." Minne ya mtoto gani, wa kilo 13 au wa kilo 20? Kuna wanaokata lebo ya kilo ili jaketi moja litoshe wateja wote, na wanaoandika S, M na L kwenye karatasi ya gundi. Jaketi lisilo na lebo ya kilo halina bei nzuri, hata likipunguzwa nusu. Wengine wanakataza mtoto kulijaribu eti atalichafua. Mtoto mkavu atachafua nini kwenye kitu cha kuogelea?

Bei hupaa Desemba na sikukuu za Idi. Nunua wakati wa masika, mvua ikiwa inapiga bati na hakuna anayewaza bwawa. Muuzaji anataka nafasi ya miavuli na atakusikiliza. Ukifungua boksi ukakuta mkanda wa mapajani haumo, lirudishe siku hiyo hiyo na lebo yake. Likishalowa, hakuna duka litakalolipokea.