Mabango ya Berkeley, 1970: wino mzuri, karatasi hapana

Seti hii ya nakala za mabango nimeinunua kwa ajili ya darasa langu la historia, kidato cha tano na sita. Upande wa rangi sina neno. Nyekundu imekolea, nyeusi haikutapakaa, na ukisogea karibu unaona wino ulivyozidi kidogo ukingoni mwa herufi, alama ya kazi ya skrini (wino husukumwa kupitia kitambaa cha wavu) iliyofanywa kwa haraka. Na kweli walikuwa na haraka. Aprili 30, 1970 Rais Nixon alitangaza kwamba majeshi ya Marekani yanaingia Kambodia. Mei 4 askari wa National Guard, jeshi la akiba la jimbo, wakawaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Huko Berkeley, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California wakaanza kuchapa chuoni mabango ya kupinga vita vya Vietnam.

Kilichoniudhi ni karatasi. Mengi ya mabango yale yalichapwa nyuma ya karatasi za kompyuta zilizokwisha kutumika, zile za mkunjo zenye vitundu pembeni. Muuzaji kavifuta vitundu vyote, kisha kaweka karatasi nene inayong'aa kama kalenda ya benki. Umaskini wa karatasi ile ulikuwa sehemu ya maneno yao! Tena hao walikuwa wanafunzi wa chuo kilichosimamia maabara za silaha za nyuklia za Los Alamos na Livermore. Ugomvi wao na jeshi ulianzia nyumbani.

Kadi ya maelezo ndiyo dhaifu kabisa. Imejaa neno "amani", wala haigusi kilichowagawa watu: kijana aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa kuitwa jeshini, wa familia isiyo na ada akaenda Vietnam. Desemba 1, 1969 ikachezeshwa bahati nasibu ya kupanga nani aitwe jeshini kwanza, vidonge 366 vya plastiki vyenye tarehe za kuzaliwa, na ya kwanza kutoka ikawa Septemba 14. Wanafunzi wangu wangebishana wiki nzima kama dawati liwe kinga ya vita. Kwa kadi hii watapiga miayo tu.

Mzigo ulifika salama, haukukunjika. Nawapa nyota tatu. Ukiagiza, omba karatasi ya kawaida isiyong'aa. Nimewauliza, wamesema inawezekana kwa bei ileile. Kadi itupe, andika yako.