Pawatila kama kazi ya kijana: maoni ya baba mkulima wa Usangu

Wazazi wenzangu wananiuliza kama pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili, linaloongozwa kwa mikono) niliyomnunulia kijana wangu inalipa. Inalipa, ila kwa kijana anayekubali kuwa fundi. Anayetaka kuiendesha tu na kukusanya hela, mzazi wake anunue maksai, maana wao hawahitaji spea.

Nalima mpunga huku Mbarali. Kijana alipomaliza kidato cha nne alitaka nimtafutie pikipiki akaendeshe bodaboda Mbeya mjini. Hoja yake haikuwa mbaya: "Baba, hela ya bodaboda unaiona jioni ileile." Nikamwambia, "Kweli mwanangu, unaiona. Lakini kijiweni mtakuwa wangapi mnaogombea abiria mmoja? Na hapa kwetu wanaoweza kufungua injini ya dizeli, wakaifunga, ikawaka, wako wangapi?" Hakunijibu siku ile. Baadaye akaja mwenyewe kuuliza ufundi huo ataujifunzia wapi, nami nikajua ameanza kufikiri.

Tulikubaliana chuo kwanza, mashine baadaye. Alisomea ufundi wa magari VETA, chuo cha ufundi stadi cha serikali, kisha akakaa karakana moja ya Igurusi akishika spana chini ya fundi mzee. Kwa kijana ambaye tayari anajua kazi kwa kujifunzia mtaani, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa alichonacho na kupewa cheti. Vijana wengi wa vijijini hawajui jambo hili, na linawafaa mno.

Sasa mashine yenyewe. Injini ni ya dizeli, silinda moja, na nyingi za huku ni za nguvu za farasi 12 hadi 15. Inawashwa kwa hendeli. Kwenye majaruba yenye maji, ukiifunga matairi ya chuma na visu vya kuvuruga, sijaona kifaa cha bei yake kinachoifikia. Tope linalainika, magugu yanafukiwa, na akina mama wanaopandikiza wanasema wenyewe kwamba miche inaingia bila kuumiza vidole. Kwa maksai, heka moja ilikuwa inatuchosha mchana mzima na bado tunarudia kusawazisha kwa jembe la mkono.

Kwenye ardhi kavu siisifii hata kidogo. Wakati wa Kilimo Kwanza, mpango wa taifa wa kuinua kilimo, kuanzia 2009, pawatila zilisambazwa nchini kwa wingi, na kule kwenye udongo mkavu na mgumu nyingi ziliishia kuvuta tela. Watu wakasema mashine ni mbovu. Mashine hii asili yake ni mashamba ya mpunga ya Asia, yenye maji. Kama shamba lako ni la mahindi juu mlimani, tafuta trekta la kukodi.

Kinachoua pawatila nyingi huku kwetu ni mabua. Mashine ikivuruga, mabua na kamba za viroba zinajizungusha kwenye shafti ya visu, zinabana, zinakula oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) taratibu. Sili ikichanika, maji ya tope yanaingia kwenye giaboksi. Dereva wa kukodi haoni, maana mashine bado inatembea. Kijana wangu kila jioni anazima, anainamia shafti na kisu kikali, anakata nyuzi zote, anaosha, halafu anachungulia oili. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na mashine hiyo hailali shambani. Wenzake wanamcheka kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Msimu ukikolea, beringi zao zinapolia, wanamfuata yeye.

Hapo ndipo hela ilipo. Kuvuruga ni kazi ya msimu, kwetu zaidi ni kati ya Desemba na Februari, mvua zikishajaza mifereji. Mavuno yakianza, tela linabeba magunia kutoka mashambani hadi kinuni. Kiangazi mabanio mengi, yanayoingiza maji mifereji, yanafungwa ili Mto Ruaha Mkuu upate maji, mashamba yanakauka, na mwenye mashine tupu anakaa. Fundi hakai, kwa sababu huo ndio wakati wa kufungua injini za watu na kubadilisha ringi, beringi na nozeli. Ukijumlisha mwaka mzima, kijana anaingiza zaidi kwa spana kuliko kwa kuvuruga. Bei za kuvuruga sizitaji, zinabadilika kila msimu na kila kijiji.

Usalama niuseme kwa ukali. Usirudi nyuma huku visu vinazunguka, vitakuvuta mguu. Na mkiwa na tela lenye mzigo mteremkoni, vishikio vya kukatia kona vinafanya kinyume: ukibana cha kushoto, mashine inakwenda kulia, kwa kuwa mzigo unaisukuma. Asiyefundishwa hilo anaingia mtaroni. Kabla kijana hajabeba gunia hata moja nilimtaka ajizoeze na tela tupu, mteremko mdogo, gia ndogo, bila kugusa vishikio hivyo, akikata kona kwa kusukuma mikono ya mashine. Tena tela libandikwe viakisi nyuma. Barabara kuu ya Zambia inapita hapa Igurusi na Chimala, na malori ya usiku hayaoni tela jeusi.

Kuhusu spea, tuliwahi kuuziwa beringi dukani, sitalitaja jina, ikaisha kabla ya msimu kuisha. Tangu hapo kijana hanunui kabla hajaizungusha kwa kidole na kuisikiliza, na anadai risiti. Chagua aina ya mashine ambayo spea zake unazipata mjini kwako, hata kama nyingine ni nzuri zaidi kwa sifa.

Ukinunua iliyotumika, njoo asubuhi injini ikiwa ya baridi na uiwashe wewe. Ukimkuta muuzaji nayo tayari inanguruma, jua imepashwa moto kwanza. Tazama moshi: ukiendelea kuwa wa bluu baada ya injini kupata joto, inakula oili. Tingisha shafti ya visu kwa mikono miwili; ikicheza, punguza bei au ondoka.

Kwa mzazi ambaye fedha yake inatosha mashine, visu na kifaa kimoja tu cha kuongezea, achukue tela, plau isubiri. Na kabla ya vyote viwili, amnunulie kijana seti kamili ya spana.