Unga wa Bakteria wa Kuozeshea Mabua: Unafaa kwa Mabaki ya Jikoni, kwa Mabua Haujakamilika

Nilinunua pakiti ya nusu kilo kwa shilingi 650 katika duka la pembejeo katikati ya jiji la Nairobi, kwa kuwa lebo iliahidi kuozesha mabua ya mahindi kwa wiki nne. Nyuma ya nyumba, Kasarani, nilitengeneza mafungu mawili ya mboji, moja la maganda ya ndizi na mabaki ya sukumawiki, jingine la mabua yaliyokatwakatwa, nikayatia unga huo kwa kipimo kilichoelekezwa. La kwanza liliiva vizuri, jeusi, lenye harufu ya udongo. Mabua yalibadilika rangi tu.

Lebo inataja bakteria mmoja, Bacillus subtilis, na “selulasi” kana kwamba ni kimeng’enya kimoja, yaani protini moja ya kuvunjavunja vitu. Selulosi, inayojenga sehemu kubwa ya mabua, ni minyororo mirefu ya sukari iitwayo glukosi iliyobanana, na kuivunja ni kazi ya kundi la selulasi na wasaidizi wake: endoglukanasi hukata mnyororo katikati, eksoglukanasi hubandua selobiosi, yaani glukosi mbili zilizoungana, kutoka kwenye ncha, kisha beta-glukosidasi huitenganisha. Selobiosi isipoondolewa hurundikana na kuwazuia wakataji wenyewe. Bacillus subtilis hutegemea zaidi endoglukanasi, ambayo huiweza selulosi iliyolegea lakini hulemewa na ile iliyojipanga kama fuwele. (Lignini, kitu kigumu kinachoshikamanisha nyuzi za mabua, nayo huongeza ugumu.)

Kwa kuwa selulosi haiwezi kupenya ukuta wa seli, bakteria hulazimika kuvitoa vimeng’enya nje. Kila kimoja huundwa kikiwa na kipande kifupi cha asidi amino mwanzoni, kinachokielekeza kwenye utando wa seli na kukatwa kimeng’enya kinapovuka. Thermobifida fusca, bakteria anayestawi penye joto la nyuzi 50 hivi, hutoa selulasi sita tofauti kwa njia hiyo. Bakteria mwingine, Clostridium thermocellum, huvipanga vimeng’enya vyake pamoja juu ya seli katika muundo uitwao selulosomu, uliotambuliwa mwaka 1983, na kwangu huo ni ufundi wa kustaajabisha.

Fungu la mabua lilisogea nilipoongeza samadi mbichi ya ng’ombe na kuligeuza kila wiki. Joto lilipanda, na baada ya wiki sita mabua yalivunjika mkononi.

Muuzaji alinisikiliza kwa heshima, ingawa hakuwa na maelezo zaidi ya yale ya pakiti. Kwa mabaki ya jikoni nitaununua tena. Kwa mabua, nitasubiri mtengenezaji aongeze bakteria wanaotoa vimeng’enya vilivyobaki na kuwataja wote kwenye lebo.