Dredi za kuachia au za sindano?

Kwa gharama, dredi za kuachia hazina mpinzani: unaosha, unakausha, unaziacha zijifunge zenyewe, basi. Ila zataka subira ya mwaka na zaidi, na kila ukiosha uzibandue kwa vidole pale mashinani zinapoungana, la sivyo utaota bonge moja kisogoni. Za sindano, ambazo msusi huzifunga kwa sindano ya kufumia, hukamilika siku hiyohiyo, zimenyooka, hata bosi hanuni. Lakini msusi akikaza mno, nywele za kipajini hung'oka, na huenda zisirudi tena. Ukiogelea baharini Shela, hapa Lamu, kila jioni, zote zisuuze kwa maji matamu, chumvi hukausha. Mwenye kipilipili asitoe pesa, zake zitajifunga zenyewe. Mwenye singa, na Lamu wako wengi, bila sindano atangoja sana.